Kazi Nyepesi Mliyompa Limi

Mdogo wangu Kabula, Mama Masanja,

Mwangaluka. Nakuamkia kwa salamu ya asubuhi kwa sababu najua barua zangu huzisoma asubuhi, ukishakamua, ukiwa umekaa kwenye kile kigogo cha mlangoni. Habari za nyumbani? Ng'ombe wanapata majani? Mguu wako uliokuwa unavimba umepoa, au bado unaufunga kwa kitambaa na kusema umepona? Mimi nipo. Sitaandika kwamba ni mzima, maana nimeamua barua hii isiwe na neno nisiloliamini.

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Kama Limi yuko jikoni na kuna donge la dhahabu motoni, mwambie aliache hapo hapo lilipo, atoke nje, mlango ubaki wazi. Asirudi kulitazama. Kisha kaa, nitakueleza.

Barua hii haikuja kwa posta. Anayekukabidhi ni Mama Bahati, muuguzi wa Chato, ambaye amekuwa huku ughaibuni masomoni na ndiye aliyekuwa akinifungulia chupa za dawa wakati vidole vyangu vilipogoma. Mpe maji aoge, mpe ugali na maziwa ya mgando, halafu msikilize. Nimemweleza yote. Mwandiko utauona umepinda. Kalamu siisikii mkononi. Naishika kwa kuitazama, na nikigeuza macho inaanguka. Juzi nilishika birika la moto nikajua nimeungua kwa harufu. Sukari imekula neva za miguu, ikaja kwenye mikono, na sasa imefika kwenye figo. Mimi niliyefanya kazi na neva miaka yangu yote nimepata ugonjwa wa neva. Daktari aliponiambia, alitazama chini kana kwamba yeye ndiye aliyenitania.

Sasa nikueleze ile simu.

Majuzi Masanja alinipigia kutoka dukani kwa Jaffer, pale Kambarage. Wewe hukuwepo, ulibaki na mifugo. Sauti ilikuwa inakuja na kurudi kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Mjomba, shikamoo!"

"Marahaba. Nani?"

"Masanja. Nani mwingine atapanda lori kutoka Bugarama mpaka mjini kuja kusikiliza kikohozi chako?"

Nikasikia Jaffer nyuma yake akisema, "Salimia, sema shida, weka chini. Hiyo si redio, baba, inakula!"

"Jaffer naye!" Masanja akasema. "Mjomba, mambo ni mazuri. Duara letu la machimboni limetoa dhahabu. Si nyingi, lakini limetoa. Tunakurudisha nyumbani. Ukiwa hai tutakupokea uwanjani, na ukiwa umejichokea tutakupokea vile vile."

Nikamwambia ana adabu mbaya. Akacheka. Halafu akampa simu mkewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu Limi. Hali yako na hali ya huyo mgeni?"

"Wazima. Anapiga teke usiku. Mama hataki nishike jembe, hataki nibebe ndoo. Ameniambia kazi yangu ni kukaa jikoni nichome tu."

"Uchome nini?"

"Dhahabu yako!" Akacheka kama mumewe. "Masanja akileta donge naliweka kwenye kile kikaango cha bibi, nafunga mlango, nakaa nalo mpaka weupe utoke ibaki njano. Kazi nyepesi, mjomba. Hata moshi hakuna wa kuniliza macho."

"Mlango unaufunga wa nini?"

"Majirani! Watu wa kwenu wana macho."

"Limi," nikasema, "nisikilize vizuri." Lakini nilikuwa naongea na mlio. Simu ilikuwa imekatika. Nilingoja wapige tena, hawakupiga. Nilipopiga mimi, duka lilikuwa limefungwa. Kesho yake Jaffer aliniambia wamekwisha kuondoka na lori, na kwamba atatuma neno kwa mtu wa kwanza atakayemwona akielekea Bugarama. Sijui kama lilifika, na kama lilifika, lilifika vipi. Neno la namna hii likipita midomoni mwa watu linafika likiwa jingine.

Kabula, sikulaumu. Nakujua. Wewe ulivyokuwa na mimba ya Masanja ulilima mpaka siku ya uchungu, ukaapa mkwe wako hatateseka hivyo. Ulitazama kazi zote za nyumbani ukachagua iliyo nyepesi kuliko zote. Mwanamke mwenye ujauzito akae karibu na moto, apumzike, aangalie kikaango. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo. Hakuna aliyekudanganya, hata zebaki yenyewe, ule weupe wa kwenye donge, haikukudanganya, maana haina harufu na haiumi. Ndiyo maana nakuandikia kirefu. Nikikwambia tu kwamba ni sumu, Masanja atasema amekuwa akiishika kwa mikono tangu aanze kazi ya mwaloni, ya kuosha mchanga wa dhahabu, na bado anakula sahani mbili.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ilikuwa nini. Uliwaambia watu kaka yako ni daktari, na mimi sikukukatalia. Sikuwa daktari. Nilikuwa mtu wa maabara. Nilitengeneza kingamwili.

Ilikuwa hivi. Alfajiri nilikwenda machinjioni na ndoo ya barafu, nikapewa bongo za ng'ombe waliochinjwa muda ule ule. Wachinjaji walinizoea. Mmoja aliwahi kuniuliza kama kwetu ubongo unaliwa mbichi, nikamwambia kwetu anayeuliza sana ndiye anayeanza kuonja. Katika ubongo ule kuna protini moja ambayo ikipata joto hujipanga yenyewe kuwa nyuzi ndefu zilizo wazi katikati kama mabua ya mpunga, na ikipata baridi huvunjika ikawa maji tena. Tuliipasha, tukaipoza, tukaipasha, mpaka ikabaki safi peke yake. Kisha tuliichoma sindano kwa sungura. Mwili wa sungura hauijui protini ile ya ng'ombe, kwa hiyo hutengeneza katika damu yake kitu cha kuitambua na kuikamata. Hiyo ndiyo kingamwili. Inatambua kitu kimoja tu. Unajua ng'ombe jike anavyomtambua ndama wake kati ya ndama wote wa zizi, akawapiga pembe wengine? Ni vivyo hivyo. Nilitoa damu kidogo kwenye mshipa wa sikio la sungura, nikaiacha igande, nikachukua yale maji ya juu ya rangi ya asali. Humo ndimo ilimo.

Sungura niliwapa majina ya kwetu. Profesa, mama mmoja mkavu aliyekuwa mkuu wetu, aliwahi kusimama mlangoni akasema, "Mabula, hao sungura wako sasa wanaelewa lugha yenu kuliko mimi." Nikamwambia wana bidii kuliko yeye. Hakucheka, lakini siku ile alininunulia chakula cha mchana.

Sasa kingamwili ile tuliitumia kutazama seli za neva zilizo changa. Tulizitoa kwenye ubongo wa panya ambaye bado hajazaliwa, tukazilaza kwenye sahani ya kioo, tukazilisha. Siku ya kwanza zinakuwa vidonge tu. Halafu kila kidonge kinatoa mikono. Mmoja kati ya mikono hiyo unaizidi mingine, unakwenda mbali, na mbele yake una kitu kama kiganja kilichofunguliwa kinachopapasa njia. Hivyo ndivyo neva inavyotafuta pa kwenda, kutoka ubongoni mpaka kidole cha mguu. Kila mtoto aliye tumboni anafanya kazi hiyo bila kuonekana.

Mwite Masanja hapa, mwambie asikilize, maana hili atalielewa kuliko wewe na mimi. Mkono ule wa neva ni kama njia ya chini kwenye duara. Mchimbaji anakwenda mbele, na nyuma yake yanasimamishwa matimba ya kuzuia mwamba usimwangukie. Zile nyuzi nilizokueleza, zile zilizo kama mabua, ndizo matimba ya neva. Zina kamba zake za kuzifunga zisitawanyike, na kamba za mkono mrefu si zile za mikono mifupi. Sisi tulikuwa na kingamwili kwa kila moja, moja kwa matimba yenyewe na nyingine kwa kamba. Tuliziunganisha na rangi inayong'aa kijani, tukaingia chumba cha giza, tukaweka sahani chini ya darubini. Nilichokiona mara ya kwanza kilinifanya nikumbuke nyumba ya Baba kabla haijakandikwa udongo, mwanga unapita kati ya fito. Nilisimama pale muda mrefu. Nakumbuka kwamba nilisimama. Nilichohisi sikikumbuki.

Ilifika wakati Profesa akataka kujua zebaki inafanya nini kwa neva changa. Tulichukua sahani mbili za seli zile zile, kutoka kwa panya mmoja, siku moja. Ya kwanza hatukuitia kitu, ni ya kulinganishia. Ya pili tuliitia chumvi ya zebaki, kidogo sana, kiasi ambacho usingekiona kwa macho. Sahani ya kwanza mikono iliendelea kukua. Ya pili kiganja kilifumba, halafu mkono ukaanza kurudi nyuma. Nilipoitia kingamwili yangu, matimba hayakuwepo. Palikuwa na vipande vipande vya kijani na giza kati yake, kama duara lililong'olewa nguzo.

Nilimwita Profesa. Akainama kwenye darubini. "Zimekufa?" akauliza.

"Hazijafa," nikasema. "Zimerudi zilikotoka."

Akaniambia nirudie, na kingamwili nibadilishe, nitumie ya sungura mwingine, isije ikawa kosa ni langu. Nilirudia. Nikarudia tena. Nilitumia hata damu ya sungura iliyotolewa kabla hajachomwa sindano, ambayo haipaswi kuonyesha kitu, na haikuonyesha kitu. Nakuambia hivi ili ujue kwamba sikuletei uvumi wa mtu aliyesikia kwa mtu. Nililitazama kwa macho yangu, na nililinganisha.

Sahani si tumbo la mwanamke. Hilo lazima niliseme. Tulichotia kwenye sahani ni chumvi, na anachovuta Limi ni mvuke. Siwezi kukuambia kwamba mtoto ameshadhurika. Huenda ni mzima kabisa. Lakini nakuuliza, ule weupe unaotoka kwenye donge unakwenda wapi? Haupotei. Unakwenda kwenye ukuta, kwenye nyasi za paa, kwenye mtungi wa maji, na kwenye mapafu ya aliyekaa karibu na mlango uliofungwa. Kutoka mapafuni unaingia kwenye damu, na damu ya mama inapokwenda kumlisha mtoto haichagui cha kubeba. Mtoto huyo sasa hivi anasimamisha matimba yake. Anasukuma mikono kuelekea kwenye macho, kwenye ulimi, kwenye nyayo. Hana mtu wa kumsemea ila wewe.

Nimefika kwenye jambo la pili, ambalo ndilo limenifanya niandike kwa mkono huu mbovu badala ya kumwachia Mama Bahati aseme.

Mnachoma kwa ajili yangu. Nimelifikiri hilo tangu simu ilipokatika. Uliniandikia mwaka jana kwamba umesafisha nafasi pembeni ya kaburi la Mama, umeizungushia minyaa, na ng'ombe hawaingii. Masanja akaongeza chini ya barua kwamba nimekaa huku mpaka nimekuwa mzungu mweusi, na mtakaponileta itabidi mnifundishe upya kula michembe ya viazi. Nilijibu, "Nakuja, niwekeeni michembe." Ndivyo nilivyojibu kila barua tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Nakuja. Pamba ikivunwa nakuja. Nikistaafu nakuja.

Kabula, sikuwa nakuja.

Usinitafutie sababu, kwa kuwa nimeitafuta mwenyewe na sikuiona. Hakuna mwanamke aliyenishika huku. Sikuwa na ugomvi na mtu wa kwetu. Sikuogopa. Nilipostaafu, maabara ilikuwa tayari kunisafirisha na mizigo yangu, nikawaambia bado kidogo. Nilikuwa kila mara nabisha hodi ndani yangu kuuliza kama nataka kwenda nyumbani, na hakuna aliyeitikia. Ilipokuja telegramu ya Mama kufariki, nilikuwa nimemshika sungura, natoa damu sikioni. Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikamaliza sungura yule, na aliyefuata. Jioni nilikula. Nilikuandikia kwamba nimelia siku nzima. Sikulia. Sijui kama ni baridi ya huku iliyonivunja, kama ile protini yetu kwenye barafu, au kama niliondoka nyumbani nikiwa hivi na hakuna aliyejua. Ganzi ya vidole ilinikuta nina ganzi nyingine ya zamani.

Sikuambii ili unisamehe. Nakuambia kwa sababu nyinyi mnanijengea njia, na hakuna mtu anayekuja kwa njia hiyo. Masanja anashuka duarani, Limi anafunga mlango, na wewe unang'oa magugu kwenye minyaa, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kufunga mzigo. Neno "nakuja" ndilo lililowasha moto huo. Ningesema kweli mapema, Limi angekuwa anakaanga karanga.

Najua Masanja atasema nini. Atasema, "Mjomba anatuonea huruma, anataka tusihangaike. Tuongeze mawe!" Mwambie sivyo. Mwambie mjomba wake hana huruma ya kutosha kumfanya aseme uongo siku hizi. Daktari amenishauri niwaandikie ninaotaka kuwaandikia, na mavuno ya pamba yajayo sitayafikia. Nitazikwa hapa, kwenye makaburi ya mji, upande wa reli. Mama Bahati amepaona. Ni mahali pa kawaida. Pana nyasi.

Najua nawe utasema nini. Utasema mtu hawezi kulala mbali na mama yake, na kaburi likibaki wazi kwenye mawazo ya watu, nyumba haitulii. Katika hilo uko sawa, na hapo ndipo ninapokuomba.

Unamkumbuka Baba Mdogo Lushinge? Wewe ulikuwa mdogo sana, labda unamkumbuka kwa kuambiwa. Alichukuliwa vitani, wenzake wakarudi, yeye hakurudi, wala hakuna aliyejua alipoangukia. Bibi aliendelea kumtengea chakula. Kila jioni bakuli la Lushinge liliwekwa pembeni, na kila asubuhi tulipewa sisi watoto chakula hicho kikiwa kimepoa. Siku moja Babu alichimba kaburi, akatoa kigoda cha Lushinge, akakifunga kwa ngozi. Bibi akamshika mkono.

"Unazika kigoda, Baba Lushinge?"

"Siziki kigoda," Babu akasema. "Nazika kungoja."

Bibi alimtukana pale pale mbele ya watu, tusi ambalo siwezi kuliandika. Babu akafukia. Jioni ile bakuli halikuwekwa. Na tangu siku hiyo hakuna aliyegusa mahali pale, hata wachimbaji walipovamia upande ule na kugeuza ardhi yote juu chini. Walilizunguka. Babu alikuwa ametuambia, na wewe umewaambia wanao: kilichozikwa kwa jina la mtu hakifukuliwi, hata kama kimelalia dhahabu.

Basi nakuomba, nami ndiye mkubwa wa nyumba yetu niliyebaki, na neno la kaburi ni langu kulisema. Chukueni kile kikaango cha Mama anachochomea Limi, cha chuma, chenye mpini alioufunga waya. Kizikeni kwa jina langu kwenye nafasi mliyoniwekea.

Najua ni kikaango tulicholia humo mbegu za maboga. Sikupata nafasi ya kumuuliza Limi kama bado mnakaangia chakula humo. Kama mnakaangia, usiniambie, ila mwambie Mama Bahati. Na najua vikaango viko vingi kwa Jaffer. Sikizuii chuma, nazuia sababu. Mkishafukia, hamtakuwa na mtu wa kumrudisha. Dhahabu itakayotoka baada ya hapo itakuwa ya kwenu, mtaichoma kwa kujipangia, na mtu anayejichomea mwenyewe hana haja ya kukimbilia jikoni na kufunga mlango. Masanja akichoma, achomee nje, mbali na nyumba, mbali na kisima, akae upande unakotoka upepo, asitumie chombo cha chakula, na watoto wasiwepo. Jiko lile mlibomoe, mjenge jingine, nyasi zake msiwape ng'ombe. Mama Bahati ataeleza mengine vizuri kuliko mimi.

Limi aende Chato kwa mama yake. Mimba ya kwanza, hakuna atakayeshangaa binti kujifungulia kwao. Mama Bahati ameahidi hataondoka hapo bila yeye, na kwamba atampeleka hospitali kwanza. Asizuiwe na heshima. Limi ni mtoto mwema, atasema "Mama sijamaliza donge la mwisho." Mwambie mjomba amekataa hilo donge.

Siku ya kuzika, akibebe Masanja, akifunge kwanza kwenye gunia. Usimruhusu mtu mwingine akishike. Wewe sema jina langu mara moja, inatosha. Kama unataka kunitukana kama Bibi alivyomtukana Babu, nitukane. Ungekuwa na haki.

Nisalimie Masanja, mwambie adabu yake ni mbaya na moyo wake ni mzuri, na asiteremke duara lenye matimba mabichi. Nisalimie shangazi yetu wa Kambarage, kama bado anasikia, na umwambie kwa sauti. Msalimie mzee wa kanisa aliyemzika Mama, ambaye sikuwahi kumshukuru. Jaffer, mpe shukrani kwa kunipokelea simu, na mwambie alikuwa kweli, ilikuwa inakula.

Kwa Limi sina salamu ya kutosha. Mwambie tu asinione mkali.

Na huyo mgeni akifika, muda wowote atakaofika, mshike mguu, umtekenye unyayo kwa ncha ya kidole. Mimi wananifanyia hivyo hapa kila wiki, daktari anauliza, "Mzee, unasikia?" nami natazama dirishani nikimwambia anieleze ameanza lini. Mtekenye taratibu, umwangalie. Akiuvuta mguu, itatosha. Huna haja ya kuniandikia.

Kaka yako,
Mabula